Nitamwaga Oili Mwenyewe

Jumapili ndiyo siku yangu pekee ya kunyoosha mgongo, nami niliitumia kulala chali chini ya gari la mama. Siku sita nilikuwa nimebeba mifuko ya saruji ghalani, na mabega yalikuwa yananiwaka moto. Lakini kesho yake, saa kumi na moja alfajiri, nilipaswa kumpeleka mama mji wa jirani akafanyiwe upasuaji wa jicho. Miadi hiyo tuliisubiri miezi saba, na oili ya injini ilikuwa nyeusi kama lami.

Kaka yangu ni fundi wa magari. Watu humwita Grisi. Wiki mbili kabla nilimwomba anibadilishie hiyo oili, akanijibu mbele ya wateja wake: "Panga foleni, Profesa. Au jaribu mwenyewe, tucheke kidogo." Wakacheka kabla hata sijajaribu. Nikaapa sitakanyaga tena gereji yake.

Basi nikamwaga oili ya zamani kwenye karai, nikafunga nati ya chini. Filta ya oili ikagoma kufunguka. Nikaizungushia mkanda wa suruali, nikavuta, nikaitukana, mwishowe ikaachia. Nikafunga mpya, nikajaza lita nne, nikafuta mikono kwa madaha kama fundi mwenye cheti. Nikawasha.

Kufumba na kufumbua, oili ilikuwa inatiririka uani hadi kwenye ndala za mama, aliyekuwa ametoka kutazama. Nilipozima, karibu yote ilikuwa chini.

"Ndiyo inavyobadilishwa hivyo?" aliuliza. Jicho lake moja lilikuwa na ukungu. Jingine lilikuwa linaniona vizuri mno.

"Tatizo dogo tu, mama."

"Dogo limefika mlangoni. Mpigie kaka yako."

"Nitatafuta gari la kukodi."

"Mwanangu, mimi nataka kuona. Hayo yenu mtamalizana nikishaona."

Nikapiga simu. Nikasema kilichotokea, nikakata kabla hajacheka.

Grisi alifika jioni na dumu la oili mkononi, macho mekundu. Jumapili yake alikuwa ameimalizia kwenye injini mbili za watu wenye haraka. Akatazama uani.

"Umeamua kumwagilia bustani?"

"Sema yote, umalize."

"Sina hata nguvu ya kusema." Akajilaza chini ya gari polepole, kiungo kimoja kimoja. "Raba ya filta ya zamani uliitoa?"

"Raba gani?"

"Imeng'ang'ania kwenye injini, nawe umefunga mpya juu yake. Raba mbili hazizibi, mdogo wangu. Nipe tochi."

Nikamnyooshea tochi. Hakuipokea. Nikadhani ananinunia. Nilipoinama nikamkuta amelala fofofo, mdomo wazi.

Nilikuwa na kila sababu ya kumtikisa. Nikajipenyeza ubavuni mwake badala yake, bega kwa bega, akinikoromea sikioni. Nikafungua filta. Raba ilikuwepo kweli, nyembamba, imegandamana na chuma. Nikaibandua kwa kucha. Nikapaka oili raba ya filta mpya kwa kidole, nikaikaza kwa mkono, nikatoka, nikajaza oili aliyoileta, nikapima kiwango kwa kijiti chake.

"Kaka, toka huko chini. Nataka kuwasha."

Tochi niliyoiacha ikawaka chini ya gari. "Washa. Naangalia."

"Nimefunga mimi, si wewe. Ikivuja itakumwagikia usoni."

"Nimesikia. Washa."

Nikageuza ufunguo. Injini ikanguruma. Nikakaa pale nikisubiri matusi. Yalichelewa.

"Kavu," sauti ikatoka chini.

Nikazima. Mama akasema, "Saa kumi na moja, basi," akaingia ndani kupanga mfuko wake. Nikashuka, nikakaa chini, mgongo kwenye tairi.

"Kaka, inuka ukalale ndani."

"Dakika mbili."

Nikampa zote mbili, kisha nyingine kumi.