Kila Moja Ilidhani Iko Peke Yake

"Etelvina, mashine zote zile, mbona kazi ya binti yako haiishi?"

Ndivyo jirani yangu Fabiola alivyoniuliza tukitoka misa. Jibu alikuwa nalo tayari, amelipata kwa Gildardo pale pale mlangoni pa kanisa: kwamba Noralba wangu hajui kuandika programu.

Gildardo ndiye anayetunza mashine za kompyuta za chuo hapa mjini Manizales. Ndiye pia baba wa ubatizo wa Noralba. Binti yangu anapiga hesabu za mlima, ajue mvua ikizidi udongo utaporomokea mtaa upi. Hesabu hiyo hugawanywa kwa prosesa arobaini, yaani bongo za kompyuta, kila moja na kipande chake. Lakini ilikwenda polepole kuliko ikipewa prosesa moja, na Gildardo akamwandikia mkuu wa chuo kwamba nafasi ya Noralba kwenye mashine apewe mwingine. Mkuu angeamua Jumatatu.

Jumapili hiyo hiyo Gildardo alikuja kula kwetu, kama desturi. Nilimpakulia supu. Mungu anisamehe, nilimtafutia shingo ya kuku.

Alikula huku akisema mtoto wa mjane hulelewa kwa kuhurumiwa, na matokeo ndiyo hayo. Noralba alisogeza sahani ya arepa, mikate yetu ya mahindi, akamfungulia kompyuta.

"Soma, baba."

Ulikuwa mstari mmoja, umejirudia kioo kizima: *Mimi ni wa kwanza kati ya mmoja.*

"Niliiamuru kila prosesa ijitaje," akasema Noralba. "Kila moja inadhani iko peke yake. Programu niliandika mimi, lakini kuiandaa kwenye mashine uliiandaa wewe, ukasahau kuiunganisha na kile kinachozifanya prosesa ziongee pamoja. Zote zinafanya kazi nzima, halafu zinaandika kwenye faili moja, zinakanyagana."

Hapo hata mimi nilielewa. Kwenye rozari yetu kila mwanamke huongoza fumbo lake. Tungesali kila mtu rozari nzima kwa sauti yake, ingekuwa kelele tu.

"Hilo humpata yeyote," akasema Gildardo. "Kesho tutalirekebisha kimya kimya."

"Mlangoni pa kanisa ulinisema kimya kimya? Nimeshaiandaa upya mwenyewe. Hesabu imeisha kabla ya misa. Mkuu nimempelekea matokeo, na mistari hii pia."

Gildardo alinigeukia, akingoja nimkemee mtoto.

"Mzazi mwenzangu," nikamwambia, "supu inapoa."

Aliweka kijiko, akachukua kofia yake, akatoka.