Mbio za Kigoma Bila Ambreyaje

Papa Symphorien, prezida wa wamotari wa bandari ya Kalemie, hakunikataza kwa ukali. Alinikataza akicheka, na njo ile iliniuma zaidi.

"Bibiane mwanangu, jile hii ni ya wanaume. Siku mulevi atapanda nyuma yako, utafanya nini?"

"Nitamushusha, Papa."

Parkingi nzima ikacheka. Mimi nilikuwa naosha pikipiki zao kandokando ya ziwa, na kila moja nairudisha kwa mwenyewe nikiiendesha. Najua ya nani inavuta kushoto, ya nani breki yake inalia. Hata pikipiki nilikuwa nayo, ya papa wangu, aliyeniachia wakati macho yake yalipochoka. Lakini bila jile, kile kizibao cha manjano cha chama, haubebi mutu hapa Kalemie. Nilitaka ile jile tu. Sikutaka kingine.

Basi watu wa Kigoma, ng'ambo ya ziwa, wakapanga mbio za pikipiki za kazi, za porini, matope na milima, na wakaalika chama chetu kilete watu wawili. Wakachaguliwa Guelord na Valère. Valère akaanguka na malaria. Papa Symphorien akauliza nani atashika nafasi yake. Wanaume wakaanza kuangalia viatu vyao.

"Mimi," nikasema.

Akacheka, akangoja mukono mwingine. Hakuna. Kicheko kikaisha.

"Haya, nenda. Ukifika kwenye bendera ya mwisho, pikipiki ikiwa inatembea, nitakuvalisha jile mimi mwenyewe. Usipofika, hautaniuliza tena. Tumeelewana?"

"Watu wote wamesikia, Papa."

Ndani ya boti Guelord hakunyamaza. "Weye, umebeba sabuni? Nikimaliza mbio utaniosha pikipiki."

"Nitaiosha, ikifika."

Asubuhi ya mbio walituonya: hapa Tanzania watu wanapita kushoto, si kuume kama kwenu. Nikaitika. Kichwa kilisikia, mikono haikusikia. Kipande cha kwanza kilifuata barabara ya kijiji, na nilipotoka kwenye kona, lori la chumvi hili hapa mbele yangu, linapiga honi. Nikasema moyoni: huyu dereva amelewa! Kisha nikajua mulevi ni mimi. Nikaitupa pikipiki mutaroni, ndani ya katani.

Mimi nilikuwa muzima, muguu tu umechunika. Lakini ule mukono wa ambreyaje, ule unaoubana kwa vidole vya kushoto ili ubadilishe vitesi, zile gia, ulikuwa umekatika kabisa.

Dada mumoja wa kusimamia mbio akaja mbio. "Pole dada! Nikuitie gari likubebe?"

Ukipanda lile gari, mbio zako zimekwisha. Nikawaza Papa Symphorien na kicheko chake.

"Asante, Dada. Bado natembea."

Kwetu, musimu wa mvua, njia ya Kabimba inakata nyaya za ambreyaje kila siku, na motari haachi muteja porini kwa sababu hiyo. Unawasha, unasukuma ukikimbia, ikipata mwendo unarukia na kupiga vitesi kwa muguu. Kubadilisha, unapunguza mafuta na kusikiliza mashine. Yenyewe inakuonyesha saa ya kupiga. Shida ni kusimama. Ukisimama, unaanza kusukuma upya.

Na kwenye kila kituo ulipaswa kusimama, wakupake rangi kwenye kaske kichwani, wajue umepita. Cha kwanza nikasimama, nikasukuma mpaka nikaona nyota. Cha pili kilikuwa katikati ya mulima. Nikapaaza sauti toka mbali:

"Kaka, usinisimamishe! Kimbia na mimi!"

"Nini?"

"Kimbia! Nipake!"

Akakimbia, kopo mukononi, brashi hewani. Watu wakapiga mayowe. Alinipaka kaske, shingo na sikio, lakini nikapita.

Muto ulikuwa umejaa mvua ya jana. Waliotangulia walikuwa wameingia palepale njia inapofika, na wengi walikuwa bado humo, maji mpaka kwenye matenki. Guelord alikuwa katikati, pikipiki yake imekunywa maji, yeye anaipiga teke la kuwasha bure.

Mimi nikizima ndani ya maji, siwashi tena. Ndani ya muto hakuna mahali pa kukimbia ukisukuma. Nikazima juu ya mutelemko, nikakaa.

"Dada, unaogopa?" akauliza kijana mumoja akinipita.

Nilikuwa naangalia maji. Juu kidogo ya muto, mama mumoja alikuwa anavuka, ndoo kichwani, na maji hayakumupita magoti. Hakuenda moja kwa moja. Alifuata jiwe kubwa, akarudi nyuma kidogo, akakata kuelekea muti uliolala. Nikamuangalia mpaka akatoka. Hapo nikaachia breki, pikipiki ikashuka, nikapiga vitesi, ikawaka, nikaingia mulemule alimopita mama.

"Bibiane! Unaenda wapi huko juu?" Guelord akaita.

"Ng'ambo!"

Mulima wa mwisho niliupanda nikiimba, sijui nini. Huku juu ziwa lote lilionekana, na nyuma yake milima yetu, ya buluu. Watu walikuwa wanaita, "Kongo! Kongo!" Nikapita bendera, nikakumbuka kwamba sina namna nzuri ya kusimama, pikipiki ikaenda kuzimika ndani ya hema la mama wa maandazi. Kipaza sauti kikasema: "Wa tatu, kutoka Kalemie!" Wa tatu! Mama wa maandazi akanikumbatia na matope yangu yote.

Guelord alifika nyuma ya gari la kubeba walioshindwa, pikipiki yake imelala kando yake.

"Usiseme kitu," akasema.

"Sijasema. Nilikuwa nauliza tu ndoo iko wapi."

Akacheka mpaka akakaa chini.

Boti letu lilipogusa Kalemie, wamotari wote walikuwa bandarini wakipiga honi. Papa Symphorien akanivalisha jile. Hakucheka. Aliifunga mwenyewe, kifungo kwa kifungo.

Kwa wamotari wa bandari, muteja wa kwanza wa motari mupya ni prezida. Unamuzungusha mujini mpaka kwenye kituo cha gari la moshi na kurudi. Akigusisha muguu chini, unarudisha jile.

Papa Symphorien akaangalia usukani. "Hautengenezi kwanza ambreyaje?"

"Panda, Papa."

Akapanda. Akakusanya miguu yake juu kama mutu aliyeona nyoka. Nikawasha, Guelord akasukuma nyuma akikimbia, nikapiga vitesi, tukaondoka, honi zote nyuma yetu.

"Polepole, mwanangu!" akalia, ameshika mabega yangu kwa mikono miwili.

"Motari," nikamurekebisha.

"Polepole, motari! Polepole!"