Mkono wa Kushoto wa Mwalimu Hatsuno

Kazi yangu ni weusi. Mchoraji akitaka mahali pawe peusi huweka eksi ndogo ya penseli, nami huja na brashi na wino nikapajaza. Siulizi. Katika nyumba ile ya wachora katuni, mtaa wa Nerima, nilijaza eksi kwa miaka kumi na sita, na nyingi zilikuwa za mtu mmoja, Munekage, mwenye nywele nyeusi, joho jeusi, hata ala ya upanga nyeusi. Mwenzake Sorao alikuwa na nywele nyeupe na nguo nyeupe. Hakunipa kazi hata kidogo, na kwa hilo nilimpenda.

Wasomaji walidhani hadithi ile ya wapiga panga wawili inachorwa na mtu mmoja, maana jina kwenye jalada lilikuwa moja. Kumbe walikuwa wanawake wawili. Mwalimu Hatsuno, maana kwetu wachoraji wakuu huitwa Mwalimu, alimchora Sorao kwa mkono wa kulia, na Mwalimu Ibuki alimchora Munekage kwa mkono wa kushoto. Waliketi meza moja wakitazamana, karatasi ikiwa katikati yao. Walianza kama maadui. Walishindania tuzo moja ya wachoraji chipukizi, wote wakaikosa, na mhariri akawashauri wajaribu pamoja, kwa sababu mmoja hakujua kuchora hasira na mwingine hakujua kuchora kitu kingine.

Hadithi nayo ikafuata njia hiyohiyo. Miaka mitatu ya kwanza Munekage alimwinda Sorao amuue. Mwaka wa nne akamwokoa, akisingizia kwamba hataki mtu mwingine amwahi. Kufikia mwaka wa saba walikuwa wanakula sufuria moja na kutukanana kindugu. Walimu wakigombana jikoni asubuhi, kurasa tatu za siku hiyo zilikuwa ngumi tupu, nami nilijua nani amekula pudingi ya nani kwa kutazama nani anavuja damu.

Mwezi wa pili mwaka huu Mwalimu Ibuki alianguka bafuni, mshipa wa kichwa umepasuka. Hakuzinduka.

Siku moja baada ya mazishi Mwalimu Hatsuno alirudi mezani. Mhariri wetu, Nukaga, alikuja na uso wa msibani na maswali ya kazini.

"Mwalimu, si tusimamishe kidogo?"

"Hapana. Nipe wiki saba, hii ikiwemo. Sura saba, halafu basi. Wote wawili wanavuka mto, hadithi imekwisha."

"Sasa Munekage atachorwa na nani?"

"Atachorwa."

Nukaga hakuuliza kwa nini saba. Wafu wetu hukaa karibu na nyumba siku arobaini na tisa, mtawa akija kuwasomea kila siku ya saba, kisha huvuka mto wakaenda zao. Mimi nilielewa mara moja, nikaogopa. Huyu mama alitaka kuondoka na mwenzake.

Siku hiyohiyo, saa nne asubuhi, jua limejaa dirishani, niliuona mkono. Wa kulia ulikuwa unamtia Sorao wino. Wa kushoto, ambao kwa miaka yote haukujua hata kushika kijiko, ulikuwa umekamata penseli na unamchora Munekage. Ulimchora kichwa chini miguu juu, kama anayechora kutoka upande wa pili wa meza. Kila mstari ulikuwa wa Ibuki, hata ule wa ukucha uliovunjika aliozoea kumchorea Munekage. Mwalimu hakuwa anautazama.

"Mwalimu," nikasema. "Mkono wako."

"Najua. Usiushtue."

Wasaidizi wengine wawili waliaga wiki ya pili, wakidai chumba kina baridi. Ni kweli kilikuwa na baridi. Mimi nilivaa sweta nikabaki, kwa sababu nilimpenda yule mwanamke na sikuwa na mtu mwingine wa kumpenda.

Katika sura ya tatu nilikuta eksi kwenye mguu wa Sorao. Sorao, ambaye hajawahi kuwa na weusi mwilini zaidi ya mboni za macho! Mahali pale karatasi ilikuwa imechubuka, eksi imefutwa ikaandikwa tena kwa nguvu. Nikajaza. Asubuhi yake Mwalimu alishuka ngazi akiuburura mguu.

"Umekufa ganzi tu," akasema. "Pika wali, acha kunitolea macho."

Sura ya nne eksi ilikuwa gotini, na goti likawa zito. Ya tano ilifika kiunoni. Kila mara karatasi ilikuwa imechubuka vilevile. Mwalimu alikuwa anakonda, analala mchana kwenye kiti, midomo imepauka. Kadi za wasomaji zilimiminika zikisema Munekage hajawahi kuwa hai namna hii, na Nukaga alizisoma kwa sauti akifurahi, mpumbavu yule.

Nilianza kumchukia marehemu. Nilikwenda mbele ya picha yake, penye bakuli la wali na kijiti cha ubani, nikamwambia waziwazi, "Mwalimu Ibuki, umeshindwa kwenda peke yako? Mwachie mwenzio pumzi." Moshi ulipanda wima.

Sura ya sita niliamua kuruka eksi ya kifuani. Kesho yake niliikuta imejazwa vibaya, wino umevuka mstari, kazi ya mtu asiyezoea brashi. Mwalimu siku ile alipumua kwa taabu mpaka jioni.

Ukafika ukurasa wa mwisho wa sura ya saba. Ilikuwa siku ya arobaini na nane. Mtawa angekuja kesho, Nukaga alikuwa chini sebuleni anasubiri karatasi. Nilifanya jambo ambalo halijafanywa na mtu tangu mwezi wa pili: nikaketi kwenye kiti cha Ibuki. Nilitaka kuukamata ule mkono wa kushoto ukiandika eksi, niushike, nimwambie Ibuki kwamba huyu simpi.

Kwenye fremu ya mwisho, kwa penseli, wawili hao walikuwa juu ya daraja, mabega yamegusana, ng'ambo ya mto ni ukungu mtupu. Mwalimu aliinama. Eksi ikatua kwenye uso wa Sorao.

Iliwekwa na mkono wa kulia.

Mkono wa kushoto ukaangusha penseli, ukakamata kifutio, ukaifuta. Wa kulia ukaandika tena. Wa kushoto ukafuta tena, kwa haraka, mpaka karatasi ikatoa vumbi. Machozi yalikuwa yanamdondoka Mwalimu kwenye kidevu.

"Niache, Ibuki," alikuwa ananong'ona. "Niache nije. Hapa nafanya nini peke yangu?"

Nikaona aibu ambayo bado ninayo. Wiki zote zile marehemu alikuwa anafuta, na mimi na brashi yangu ndio tuliokuwa tunamsaidia aliye hai kujizika.

"Mwalimu, acha!" nikapiga kelele. "Eksi hiyo siijazi. Nifukuze kazi!"

Hakunisikia. Mkono wa kushoto ulitupa kifutio, ukachovya kalamu kwenye wino na kuanza kuchora moja kwa moja juu ya penseli, mistari isiyofutika. Munekage aligeuka pale darajani. Uso wake ulikuwa ule wa miaka ya kwanza, wa chuki safi. Kitako cha upanga kilimpiga Sorao kifuani, Sorao akaruka nyuma, akaanguka chali kwenye tope la ukingo wa huku. Mwalimu alijaribu kufunika ukurasa kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ukauchapa kofi, ukaendelea. Mwishowe ukaweka eksi mbili, kwenye nywele za Munekage na kwenye joho lake, ukaiweka kalamu chini polepole. Ukalala juu ya meza, ukawa mkono tu.

"Amenipiga!" Mwalimu akafoka. Rangi ilimrudi usoni palepale. "Umeona, Orie? Miaka yote hii tunakula pamoja, leo ananipiga! Mshenzi! Mshenzi mkubwa!"

Nilijaza eksi za Munekage taratibu kuliko siku zote, nikilia, nikiangalia wino usivuke mstari.

Nukaga alipanda kwa sababu ya kelele. Alitazama ukurasa, akakuna shingo.

"Mwalimu, samahani, lakini huu hauwezi kuwa mwisho. Shujaa yuko chini. Wasomaji watataka kujua kama atainuka."

"Nina macho, Nukaga."

"Ina maana wiki ijayo..."

"Unadhani Ibuki hakujua hilo? Unadhani kwa nini amefanya hivi?" Mwalimu alijifuta kamasi kwa mkono wa sweta. Akajaribu kuokota kalamu kwa mkono wa kushoto. Ikamponyoka mara mbili, akaiacha hapohapo sakafuni. Kisha akasimama kwa miguu yote miwili, akaenda dirishani, akabaki hapo akimtukana marehemu kwa sauti ya chini, tusi moja baada ya jingine, mpaka yakamwishia. Ndipo akaniambia nilete karatasi nyingine.