Vidole Viwili vya Pindo

Cherehani ya kwanza haijaanza kulia, Mama Mkasi alikuwa ameshaanua kipande cha kitambaa alichokilowesha jana. Kabla ya maji kilikuwa shibiri mbili kamili. Akakitandaza kwenye meza ya kukatia, akapima, akapima tena. Kimepungua vidole viwili.

"Kitambaa kinarudi," akasema.

Msimamizi alikuwa anafungua jora jingine la bluu. Hakuinua kichwa. "Karatasi ya kiwandani inasema hakirudi."

"Karatasi haijafuliwa."

Mafundi wakacheka, lakini si kwa upande wake. Dada yake wa tumbo moja, mwenye cherehani ya dirishani, ndiye aliyeanza. "Mdogo wangu, kila siku una lako. Umekivuta wakati wa kupima."

"Au vidole vyake vimenenepa," akadakia fundi wa vifungo.

"Kwa mshahara gani?" akauliza mwingine, na kicheko kikazunguka chumba.

Yalikuwa magauni mia nne ya shule moja, na mzazi haruhusiwi kununua kwingine. Mwaka jana lilikuja jora kama hili. Mama Mkasi akaliona linarudi, akanyamaza, akakata. Muhula wa pili haujafika katikati, binti wa jirani yake akarudishwa getini: gauni liko juu ya goti, utovu wa nidhamu. Mama mtu akanunua jingine. Hapa karakanani wakashukuru Mungu kwa oda mpya.

Lakini sauti kumi na moja ni nyingi kwa sikio moja. Akaanza kuushuku mkono wake mwenyewe. Huenda kweli alivuta. Akashika chaki, akafuata karatasi ya vipimo iliyobandikwa ukutani, na hadi saa sita alikuwa amekata mia na hamsini.

Wenzake walipotoka kwenda kula, msimamizi akamjia na kijikaratasi cha vipimo.

"Mama, hili gauni la binti yangu. Anaanza shule hiyohiyo." Akatazama mlangoni. "Uongeze kidogo chini. Vidole viwili hivi."

"Kwa nini, bosi?"

"Watoto wanakua."

"Wa wenzako wanadumaa?"

Akacheka kama mtu aliyebanwa na mlango. "Kata tu. Usiwe na maneno."

Mama Mkasi akalikata, akalikunja, akaliweka pembeni. Kisha akakaa akikitazama kile kipande chake. Mafundi waliporudi, alikuwa amefuta mistari yote ya chaki ya magauni yaliyobaki na kuchora upya, vidole viwili chini ya kila pindo.

Dada yake akaona. "Utatuponza."

"Mkono wangu haukuvuta, dada."

"Nimekuuliza hilo?"

Saa kumi jora la mwisho likaisha, oda ikiwa imepungukiwa magauni tisa. Msimamizi akahesabu mara mbili, akachomoa moja, akalipima. Hakuhitaji kupima la pili.

"Nani amekuambia uongeze?"

"Wewe. Saa sita."



"Nilisema moja."

"Ulisema watoto wanakua."

"Weka mkasi chini, uende zako."

"Mkasi ni wangu, bosi."

Akaufunga kwenye kitambaa, akautia mkobani. Akakichukua kile kipande, akakibana kwa pini juu ya karatasi ya vipimo, katikati kabisa. Alipofika mlangoni hakuna aliyekuwa amekibandua.

"Wewe, dada mtu," akaita msimamizi, "njoo ushike meza. Yote aliyoyaongeza, yapunguze."

"Lakini bosi, yakishapunguzwa, vipande vitakavyobaki havitatoa hata gauni moja."

"Nimesema punguza."

Kutoka kwenye ngazi Mama Mkasi alisikia mkasi mwingine ukianza kazi, polepole, wa mkono anaoujua tangu utotoni. Vidole viwili vikaanguka sakafuni, na viwili vingine, na vingine. Gauni moja tu halikuguswa, lile lililokunjwa pembeni.