Kisichotumika Mwaka Mzima

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa moja asubuhi, fundi bomba alirudisha pikapu kinyumenyume hadi mlangoni, na takataka za nyumba zikaanza kutoka zenyewe. Sheria ilikuwa yake: kisichotumika mwaka mzima kinakwenda jaani. Vitu vilishaizoea. Birika bovu lilibingirika kutoka jikoni, stuli ya miguu miwili ikachechemea nyuma yake, na godoro la zamani likajikokota ukumbini na vumbi lake. Mkewe kazi yake ilikuwa kuchambua tu: chuma huku, vioo kule, vinavyooza kwenye gunia.

Siku hiyo mke alikuwa akihesabu miezi tangu alfajiri. Mama mkwe alivunjika nyonga mwaka jana, mwezi kama huu, na tangu hapo hakushika mwiko wala ufagio.

Saa mbili na robo chumba cha nyuma kilifunguliwa. Mama mkwe akatoka akitembea vizuri kabisa, kwa miguu ambayo haikuwa imembeba mwaka mzima, akaenda kusimama kati ya birika na stuli.

"Samahani, mwanangu," alimwambia mkwewe. "Sheria inanivuta."

"Rudi ndani, Mama, unichambulie maharagwe."

"Nimejaribu kukaa. Sikai."

Fundi alimtazama mama yake, kisha akatazama saa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa ratiba, na tusidanganyane, afadhali mbaya. "Nikianza kubagua, nyumba itajaa," alisema, akamshika mama yake kiwiko na kumpandisha kwa adabu zote.

Mkewe alikimbilia stoo. Akachukua turubai, akapanda naye nyuma.

"Mzigo haujafunikwa. Mama, shika ncha hii, mimi nashika ile."

Mama mkwe alishika, na mvuto ukamlegea kidogo. Wakaenda hivyo njia nzima, upepo ukitaka kuwapokonya.

Mlinzi wa jaa alichungulia mzigo. "Chuma kulia, vioo katikati. Watu nyuma ya magodoro."

Huko nyuma ya magodoro walikuwa kama thelathini, wamekaa kwa mistari, wengine bado na kandambili za nyumbani. Mzee mmoja alisogea akaacha nafasi ya mtu.

"Huyu anatumika," alisema mke wa fundi. "Anashika turubai."

Mlinzi alifikiri. "Basi akae nalo mpaka kazi iishe. Lakini kilicholetwa na mzigo hakirudi na gari."

Fundi alishusha kila kitu, akajipangusa mikono. "Haya, likunjeni twende."

Wakalikunja, ncha kwa ncha, mara mbili, mara nne, mpaka likawa dogo kama mto wa kulalia. Miguu ya mama mkwe ikaanza kugeukia magodoro.

"Halijakaa sawa," alisema mkwewe, akalikunjua lote.

Wakaanza upya. Fundi akapiga honi. Wakakunja, wakakunjua. Jua lilipita utosini likaanza kushuka, na vidole vyao vilikuwa vimechubuka.

"Mwanangu, utachoka. Watoto wako nyumbani."

"Sijachoka, Mama. Vuta kwako."

Saa kumi na moja mlinzi alikuja na mnyororo wa lango, akauliza wamebakiza nini.

"Kukunja tu," alisema mke wa fundi, akalikunjua tena.