Furushi la Sanda

Simu ilifika asubuhi: Umkulthum, binti pekee wa Bi Mwanabaraka, amefia Unguja, atazikwa alasiri. Ndege ya siku ile, ya Kiingereza, ya mizigo na abiria wanane, ilikwisha kutua uwanjani Chake, Pemba. Aliyepima watu na mizigo kwenye mizani alikuwa Marhoun.

"Shehe Marhoun, nipe kiti. Nikamwoshe mwanangu kwa mikono yangu."

"Mikono ipi? Hii iliyokataa kumwosha mama yangu mwaka jana?"

Bi Mwanabaraka aliinamisha kichwa. Yeye ndiye mwosha maiti wa mtaa, na siasa zilipopamba moto aliapa kwamba haoshi maiti wa chama cha akina Marhoun.

"Nilifuata mkumbo. Nisamehe kwa Mungu."

Marhoun alilichukua furushi la Bi Mwanabaraka, la sanda na karafuu maiti, akalipima, akampa rubani.

"Hili linakwenda. Wewe utaizidishia ndege uzito."

"Kiti kimoja kitupu, nakiona!"

"Kitakwenda kitupu."

Injini zikanguruma, vumbi likawafunika wote wawili.

"Sasa nani atamwosha mwanangu?" alilia.

"Nami nilisimama mlangoni kwako nikiuliza vivyo hivyo," alisema Marhoun, akaikokota mizani kuirudisha bandani.