Chumba cha Watu Wawili Stockholm

Mke wangu Gunvor ndiye aliyekuwa akipanga safari ya Februari. Kila mwaka chama cha wastaafu cha kijiji chetu, Tallmyra, hukodi basi kwenda kukaa Stockholm siku chache, na kila mwaka mimi nilibaki nyumbani. Nilimwambia nimeendesha malori ya magogo maisha yangu yote, makalio yamechoka na viti. Mwaka huu nilikubali, kwa sababu ya ile meli.

Ni meli ndogo ya abiria, inapita katikati ya jiji hata maji yakiganda. Gunvor aliipanda akiwa msichana, alipokuwa akifanya kazi za ndani kwa tajiri mmoja huko. Alisema barafu inavunjika chini ya miguu yako kama mtu ameangusha kabati zima la sahani, na abiria wanaendelea kusoma magazeti kana kwamba hawasikii.

"Assar, lazima ukaisikie," aliniambia. "Usije ukafa hujaisikia."

Akafa yeye, mwezi wa Oktoba.

Basi nilitaka kwenda kuisikia. Hilo tu. Makumbusho wayaangalie wenyewe, na maduka yao vilevile.

Mtu ataniuliza, si uende peke yako? Kwa njia gani? Reli waliing'oa. Basi la kwenda pwani limebaki la wanafunzi tu. Hoteli nazo siku hizi hupigi simu ukaongea na binadamu. Wanataka ubonyezebonyeze kioo, kisha uthibitishe kwamba wewe ni wewe, kisha uthibitishe tena. Wanaotupangia mambo wanadhani kila mzee ana mjukuu aliyekaa jikoni akingoja kumbonyezea. Bila basi la chama, mtu wa Tallmyra haendi kokote.

Mkutano wa kupanga ulifanyika Januari katika shule ya zamani. Shule nayo waliifunga, ndiyo maana chama kina nafasi. Tulivua viatu mlangoni kama kawaida, tukakaa na soksi zetu kuzunguka meza, kahawa na mikate ya iliki katikati. Rut, aliyekuwa posta mpaka posta ilipofungwa, ndiye aliyechukua kazi ya Gunvor. Evert ni mwenyekiti. Ana kinyundo alichokichonga mwenyewe.

Kwetu mikutano haina ugomvi. Mwenyekiti anauliza, "Je, mkutano unakubali?" Watu wanasema "Ndiyo" huku wakitafuna, kinyundo kinagonga, jambo limekwisha. Akiuliza kama yupo anayepinga, anauliza akiwa ameshakiinua.

Rut alianza kusoma mpango, nikasikia jina la hoteli nisiyoijua.

"Ile ya Gunvor ya kila mwaka, karibu na gati, imejaa?" niliuliza.

"Haijajaa. Halvar amependekeza hii. Iko upande wa kusini."

"Pametulia," alisema Halvar. "Na kifungua kinywa chao kinasifiwa."

"Samaki wa siki ni yuleyule popote," nikasema.

Huyo Halvar Renström alikuwa mwenyekiti wa kamati ya afya ya mkoa kabla ya kustaafu. Ndiye aliyeliondoa gari la wagonjwa la Tallmyra. Mimi na Gunvor tulikwenda mpaka pwani siku kamati ilipokaa, tukakaa kwenye viti vya wasikilizaji, ambako huruhusiwi hata kukohoa kwa nguvu. Je, kamati inakubali? Ndiyo. Kinyundo. Wakaenda kula. Tangu hapo gari la usiku linatoka pwani, na pwani si hapo.

"Ila hoteli hii imebakiwa na vyumba vya watu wawili tu," Rut aliendelea. "Kuna mashindano ya kuteleza kwenye theluji, vya mtu mmoja vimekwisha. Kwa hiyo tutalala wawiliwawili. Mimi na Sigbrit."

"Ewe Mungu wangu," alisema Sigbrit. "Huyu anapiga mateke usingizini. Marehemu mumewe alikuwa akija kazini na michubuko."

"Na wewe unasema hata ukiwa umelala, kwa hiyo tumetoshana."

Watu wakacheka. Rut akaendelea kuwapanga, wanandoa kwa wanandoa, dada kwa dada, mpaka sauti ikampungua.

"Waliobaki ni Assar na Halvar."

Hakuna aliyetafuna.

"Mimi nitalala ndani ya basi," nilisema.

"Kwa baridi hiyo? Utagandia kwenye kiti, tukung'oe kwa shoka."

"Nimelala kwenye lori kwa baridi kubwa zaidi."

"Ulikuwa na damu, mzee. Sasa una maji."

Evert akasema mambo ya vyumba yaahirishwe mpaka mkutano ujao. Je, mkutano unakubali? Ndiyo. Kinyundo.

Kesho yake nilikwenda kwa Halvar kumwambia ajitoe. Anaishi peke yake katika nyumba kubwa juu ya ziwa. Mkewe alimkimbia siku nyingi. Alinikaribisha kahawa, nikamwambia sikuja kunywa, akamimina hivyohivyo. Alimimina kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulilala mapajani kama kitu alichopewa akishike.

"Jitoe," nilimwambia. "Stockholm umeshakwenda mara ngapi kwa kodi zetu? Niachie hii moja."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

Aliangalia dirishani. Mtu akikaa madarakani anajifunza kuangalia dirishani.

"Niliangushwa na kiharusi," alisema. "Mwaka jana, theluji ilipokuwa ikiyeyuka. Kidogo tu, wanasema kidogo. Nilikuwa bafuni. Nililala sakafuni mpaka asubuhi, mpaka mama wa usafi alipofika. Simu naiona kwenye kiti, siwezi kuifikia. Sijamwambia mtu hapa kijijini."

Niliuangalia ule mkono wa kushoto.

"Tangu siku hiyo silali, Assar. Nikizima taa naanza kuifuata kichwani ile barabara ya kutoka pwani. Daraja, kona ya kiwanda cha mbao, daraja la pili. Gari la wagonjwa bado halijafika nusu, najikuta nimekaa kitandani. Ile hoteli inatazamana na hospitali. Nimeiangalia kwenye ramani. Ukipiga simu wanakufikia hujamaliza kuvaa soksi. Nataka siku chache tu nilale kama mtu."

Nilicheka. Kicheko kilinitoka vibaya, kama kikohozi.

"Na Gunvor?"

"Najua."

"Hujui. Niliongeza kuni jikoni mara mbili kabla sijaziona taa za gari lenu darajani. Mara ya kwanza aliniambia nisijaze sana, moshi utarudi ndani. Mara ya pili hakuniambia kitu."

"Tuliletewa hesabu," alisema. "Wataalamu wa mkoa walionyesha kwamba..."

"Wataalamu waache huko huko. Kinyundo kilikuwa mkononi mwa nani?"

Alinisogezea kikombe.

"Na mimi unanitakia nini chumbani mwako?" niliuliza. "Kuna wanaume wengine. Mbadilishane na mume wa mtu."

"Wewe unajua inavyoanza, uliiona kwa Gunvor. Nikikuamsha nikakwambia mkono umekufa ganzi, utasimama. Wengine wataniambia nilale, kutakucha."

Nikasimama. Nilikwenda mpaka mlangoni, nikavaa kiatu kimoja, nikarudi na kiatu kimoja.

"Haya, nisikilize. Uyaseme haya mkutanoni. Usimame, uwaambie kwa nini tumehamishwa hoteli. Kwamba unaogopa kulala Tallmyra, na kwa nini kunaogopesha. Ukiyasema, nitalala chumba chako, na usiku nitaamka kusikiliza kama unapumua. Neno langu hilo."

"Mbele ya wote?"

"Mbele ya wote. Mle ndani si mimi peke yangu niliyezika."

Aliufunika mkono wa kushoto kwa wa kulia. Kisha akasema, "Nitasema."

Nikamwamini, mimi mjinga wa malori. Nilirudi nyumbani nikashusha begi darini. Nikaweka shati jeupe, soksi za sufu alizofuma Gunvor, kopo la ugoro wangu wa kuweka mdomoni, maana Stockholm watakuwa wanauza kwa bei ya dhahabu. Kwa mara ya kwanza tangu Oktoba nilipika chakula cha kweli, viazi na nyama ya kulungu, nikala mezani badala ya kusimama kwenye sinki.

Mkutano wa pili ulijaa. Rut alisoma mpango wote: basi litaondoka Alhamisi, chakula cha pamoja Ijumaa, meli Jumamosi asubuhi. Alipotamka meli alinitazama akatabasamu, maana alijua. Kisha akasoma vyumba, na mimi nikatajwa pamoja na Halvar, sikusema kitu. Niliona watu wanatazamana.

"Kabla hatujaamua," alisema Halvar, "naomba nafasi."

Alisimama. Alikuwa na tundu kwenye soksi, kidole gumba kimechungulia. Sijui kwa nini hilo lilinipa moyo.

"Kuhusu hicho chumba," alisema, "kuna jambo ambalo nadhani ni haki mkutano ulijue." Akakohoa. Akamtazama Evert, akamtazama Sigbrit, akalitazama birika. "Mimi nakoroma. Assar ameonywa rasmi."

Chumba kizima kilicheka.

"Huyo kaendesha dizeli maisha yake yote," Sigbrit alipiga kelele. "Atalala kama yuko kazini!"

Halvar akakaa. Hakunitazama.

Ningeweza kusimama nikayasema mwenyewe. Lakini yakitoka kwangu yangekuwa maneno ya mgane mwenye uchungu, watu wangenipigapiga mgongoni na kunikatia mkate. Nilitaka yatoke kwenye mdomo uleule uliosema imeamuliwa, siku ile ya kamati.

"Je, mkutano unakubali mpango kama ulivyosomwa?" aliuliza Evert.

"Ndiyo," walisema wote.

"Yupo anayepinga?" Kinyundo kilikuwa juu tayari.

"Hapana," nilisema. Wakadhani nimemjibu kwamba hayupo, kwa hiyo nikasema tena. "Mimi. Mimi napinga."

Evert alibaki na kinyundo hewani. Miaka yote aliyokaa kile kiti hakuwahi kupingwa, na ilionekana mkono haujui ushuke au upande.

"Unapinga kitu gani hasa, Assar? Chumba, au safari?"

"Muulize Halvar."

Wote wakamgeukia. Alikuwa akikoroga kahawa isiyo na sukari.

"Sielewi," alisema taratibu. "Labda bado ana majonzi. Tumpe muda."

Tumpe muda. Nilisukuma kiti nyuma.

"Rut, lifute jina langu," nilisema, nikatoka. Nilikuwa korido, nafunga kamba za viatu, niliposikia kinyundo kinagonga.

Jumatano Halvar alinipigia simu.

"Assar, njoo. Nitasema kwenye basi. Kuna kipaza sauti kwa dereva."

"Kwenye basi, watu wamefunika nyuso na kofia wanakoroma?"

"Ni kweli nilishindwa. Nilisimama pale nikaona nyuso zao, nikaona jinsi zitakavyogeuka. Nakuomba. Siwezi kulala peke yangu mle."

"Lala Tallmyra. Mlisema huduma ni nzuri."

Nilikata. Halafu nilisimama na mkono juu ya simu, kwa sababu kama angepiga tena sijui ningemjibu nini. Niliitaka ile meli. Nasema kweli, niliitaka kiasi kwamba ningelala hata na shetani, mradi shetani awe ameungama. Hakupiga.

Alhamisi asubuhi basi lilisimama kwangu, ingawa nilikuwa nimekataa. Mlango ukafunguka, Rut akashuka kwenye theluji na viatu vyake vya mjini.

"Panda, mzee. Kiti chako kipo. Sikulifuta jina."

"Na chumba?"

"Chumba ni kilekile. Assar, ni siku chache tu. Weka pamba masikioni."

"Hakusema kitu?"

"Nani? Aseme nini?"

Nilimtazama Halvar kupitia kioo. Alikuwa amekaa peke yake, mkono wa kushoto mapajani. Angeweza kushuka. Hatua chache tu zilikuwa mpaka mlangoni. Badala yake alianza kupangusa ukungu kwenye kioo cha upande wa pili, upande wa msitu, ambako hakuna cha kuona.

"Gunvor angekuvuta sikio mpaka ndani," Rut alisema. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Gunvor hayupo wa kunivuta. Nendeni, mtachelewa."

"Nikuletee nini?"

"Usiniletee kitu."

Alinikumbatia haraka, akapanda. Mlango ukajifunga ukitoa ile pumzi yake ya hewa. Sigbrit alinipungia, wengine wakajifanya kutafuta mikanda. Basi lilikata kona kwenye kanisa, na ndipo nikaona kwamba nimeshika begi. Nilitoka nalo nyumbani bila kujijua.

Nililirudisha ndani. Nikatoa shati, nikatoa soksi, nikavirudisha mahali pake. Kisha nikachukua koleo, nikaanza kuondoa theluji uani, kwa upana, mpaka gari la wagonjwa liweze kugeuza. Nafanya hivyo kila asubuhi tangu theluji ya kwanza. Hakuna aliyenituma, na hakuna mgonjwa ndani ya nyumba.